Sarakasi Imeingia Mwanza: Tutoe Hela au Tubaki Nyumbani?

Gari la matangazo limeanza kupita mtaani kwetu Nyakato tangu juzi, spika mbili juu ya paa, likirudia maneno yale yale mpaka watoto wameyakariri: sarakasi imeingia Mwanza, hema kubwa, siku chache tu. Kiingilio cha kawaida shilingi 10,000, VIP 30,000, mtoto 5,000. Na tangu lianze kupita, sokoni, kwenye daladala na kwa simu za shemeji zangu naulizwa swali moja tu. Inalipa?

Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua naipenda sarakasi, na nikianza kuisimulia sinyamazi. Jibu fupi ninalo, ila halimsaidii mtu mwenye watoto watatu, kodi ya nyumba na ada inayokaribia. Kwa hiyo naandika kwa kirefu, kila mmoja apime kwa mfuko wake.

Kwanza tuelewane kwa nini kiingilio kinatuuma hivi sisi watu wa Kanda ya Ziwa. Si ubahili. Sisi tumelelewa kuona kwanza, kisha kuamua. Nenda Bujora, pale Kisesa, mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana tangu enzi za mababu, wanacheza siku moja na saa moja, na kwa desturi aliyeshinda ni aliyevuta watu wengi. Upande huu Bagobogobo wanazungusha majembe na kuyarusha juu, upande ule Bayeye wanaingia na chatu shingoni. Ukichoka na hawa, unatembea hatua chache unaungana na wale. Miguu yako ndiyo kura. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, akiona watu wanaanza kumhama anabadilisha wimbo hapo hapo, anaongeza kasi, anawatoa wachezaji wake hodari aliokuwa amewaweka akiba. Mtazamaji ana nguvu kubwa sana pale, na hajatoa hata senti.

Tiketi inakunyang'anya nguvu hiyo. Unapiga kura getini, kabla hujaona kitu, na ukishakaa hakuna upande wa pili wa kuhamia. Mtu aliyekulia kwenye mbina, ngoma zetu za Kisukuma, analihisi jambo hilo hata kama hajawahi kulisema, na ndiyo maana 10,000 ya sarakasi inamuuma kuliko 10,000 ya nyama. Nyama ameiona buchani ikining'inia.

Kazi yetu basi ni kutafuta, kabla ya geti, zile dalili ambazo Bujora tungeziona kwa macho. Zipo, na nyingi unaweza kuzipata kwa kupita tu kiwanjani mchana ukitoka kwenye shughuli zako.

Mimi huanza na umbo la uwanja. Sarakasi kama tunavyoijua leo ilianzia London mwaka 1768, kwa Philip Astley, askari wa farasi aliyeacha jeshi akaanza kuonyesha ufundi wake wa kupanda. Farasi akikimbia kwa kuzunguka, mwili wa mpandaji unasukumwa nje, naye akiinama kidogo kuelekea ndani anapata mizani ya kusimama wima juu ya mgongo wa mnyama. Duara likiwa dogo mno farasi anashindwa kukimbia vizuri, likiwa kubwa mno ile mizani inapotea. Kipimo kilichokuja kukubalika ni kipenyo cha futi 42, kama mita 13. Siku hizi sarakasi nyingi hazina farasi hata mmoja, lakini duara la mita 13 limebaki karibu dunia nzima.

Na hapo ndipo ilipo thamani ya tiketi yako. Kutoka katikati ya duara hadi ukingoni ni mita sita na nusu tu. Watu wakizungushiwa pande zote, hata aliyekaa safu ya kumi hayuko mbali na mchezaji kuliko mstari wa kumi na nane ulivyo mbali na goli pale uwanja wa Kirumba. Kwa umbali huo unasikia vitu ambavyo simu haiwezi kukupa. Unasikia pumzi. Unamsikia aliye chini akimwambia wa juu "bado, bado, haya." Unaona msuli wa paja la aliyebeba wenzake watatu ukitetemeka, na unga mweupe wa mikononi ukipukutika kwenye mwanga. Kwenye simu utaona mchezo wenyewe vizuri zaidi, kwa mwendo wa taratibu, mara mia ukitaka, bure. Kama unachotaka ni kuona tu mchezo, baki nyumbani, hutakuwa umepoteza kitu. Tiketi inanunua ukaribu na mwili wa mtu anayefanya jambo gumu sasa hivi, mbele yako, bila kujua kama atafanikiwa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kijana wa dirishani huwa ni hilo: viti vinazunguka, au kuna jukwaa upande mmoja? Akinijibu jukwaa, nafikiria mara mbili. Miaka kadhaa nyuma lilikuja onyesho moja ambalo tangazo lake lilikuwa la kupendeza kweli, na wengi tulijitokeza. Jukwaa liliwekwa mwisho wa uwanja. Mbele yake wakapanga meza za VIP na miavuli, nyuma ya meza ukafuata uzio, na nyuma ya uzio tukawekwa sisi. Vijana waliokuwa jukwaani walikuwa wazuri mno, niliwaona walipopasha misuli moto kando ya uwanja, lakini onyesho lilipoanza walikuwa wadogo kama vidole. Watu wakaanza kupiga soga, watoto wakalala. Waandaaji walichukua hela ya sarakasi wakatuuzia mkutano wa hadhara, na hasara kubwa waliipata wale vijana, maana maelfu ya watu walirudi nyumbani wakisema sarakasi haina lolote.

Hapo hapo niseme kuhusu VIP, kwa sababu shemeji yangu wa Sengerema ameniuliza mahsusi. Kwenye hema la duara sioni sababu ya kulipa mara tatu. Safu ya kwanza na ya pili unavunjika shingo mtu akipanda kwenye bembea za angani. Nafasi nzuri ni safu ya tatu hadi ya sita, na mara nyingi hizo zinauzwa kwa bei ya kawaida kwa anayewahi. Wengi hukimbilia katikati, mkabala na mlango wanakotokea wachezaji. Mimi nakaa pembeni. Ukimtazama mtu anayesimama kwa mikono juu ya viti vilivyopangwa, kwa mbele unaona umbo zuri, kwa pembeni unaona uzito: unaona namna kiwiko na bega na nyonga vinavyotafuta mstari mmoja, na namna anavyorekebisha kwa ncha za vidole. Ile tofauti ya 20,000 kati ya kawaida na VIP mara nyingi ni kochi, soda na mtu wa kukuonyesha njia.

Baada ya umbo la uwanja nauliza nani wanacheza. Bango la safari hii lina picha ya mwanamke anayening'inia kwenye kitambaa chekundu na maandishi makubwa, lakini halina jina la mchezaji hata mmoja. Hilo linanisumbua kuliko bei. Tamasha la muziki haliwezi kutangazwa bila jina la msanii, na hata mpambano wa ngumi wa mtaani una majina mawili kwenye karatasi. Kwa nini watu wanaobeba wenzao vichwani watangazwe kama vyombo? Mwandaaji anayeandika majina anajifunga: usipowaona hao, una cha kumdai. Nilipiga namba iliyoko kwenye bango nikauliza. Aliyepokea aliniambia kwa upole kwamba kuna Watanzania, Wakenya na Waethiopia, akanitajia michezo: viti, pete, sahani, baiskeli ya tairi moja, limbo ya moto (kupita chini ya fimbo inayowaka), na mnara wa watu. Nikamshukuru. Mtu anayeweza kutaja michezo yake bila kusitasita ana kitu hemani.

Ile orodha ilinifurahisha kwa sababu nyingine. Sikiliza michezo yenyewe: viti vilivyopangwa, kuruka ndani ya pete, kuzungusha sahani juu ya fimbo. Hiyo ni michezo yenye asili ya China, na namna ilivyotufikia ni sehemu ya historia yetu. Miaka ya 1960 serikali ilipeleka vijana China wakajifunze sarakasi, na mwaka 1969 kikaundwa kikundi cha taifa. Baadaye mafunzo yakahamia chuo cha sanaa Bagamoyo kilichoanza 1981, ambacho leo tunakiita TaSUBa. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka vikundi vya maonyesho kama Muungano na Tanzania One Theatre: usiku mmoja ulikuwa na ngoma, vichekesho, maigizo, kwaya, na katikati vijana wa sarakasi wanaruka. Elimu ile haikukaa kwenye vitabu. Imepita mwili kwa mwili, kaka akimfundisha mdogo wake mchangani, mpaka imefika kwa vijana unaowaona jioni wakijipindua kwenye viwanja vya mitaa na fukwe.

Na imefika mbali. Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, wale Ramadhani Brothers wa Dar es Salaam, walifika fainali ya America's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni ya Marekani, mwaka 2023, na Februari 2024 wakashinda shindano la Fantasy League la kipindi hicho hicho. Mchezo wao mkubwa ni mmoja kusimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake, bila mikono, fuvu kwa fuvu. Wamarekani walisimama na kulia. Sisi kwetu vijana wenye ufundi wa aina hiyo tunawaita kwenye uzinduzi, kwenye kampeni, kwenye sherehe za kampuni, wanaruka juani kwenye lami dakika kumi wakati mgeni rasmi anasubiriwa, kisha wanapewa soda na nauli.

Hili linaniuma, na nalisema hapa kwa sababu linahusu bei moja kwa moja. Tumezoeshwa kuiona sarakasi bure, ikiwa kionjo cha jambo jingine, na kitu ulichozoea kukiona bure kikiwekewa bei unahisi umeibiwa. Lakini fikiria gharama yake. Kijana wa kusimama kwa mikono anaanza utotoni. Anafanya mazoezi kila siku, na akiacha mwezi mmoja mwili unasahau. Kifundo cha mkono kikiteguka hana mshahara wa ugonjwa. Akifika miaka thelathini na kitu, wa rika lake waliosomea uhasibu ndio kwanza wanapandishwa cheo, yeye magoti yameshaanza kumlalamikia. Ukigawa 10,000 yako kwa saa mbili za onyesho, kwa watu ishirini hivi walioko ndani na nje ya duara, kwa lori, hema, jenereta na kibali, haibaki hela nyingi ya kumfikia yeye. Kwa hiyo bei ya 10,000 kwa mtu mzima siioni kubwa, iwapo kilichomo ni watu wa kazi hii kweli. Kikiwa ni muziki wa kuigiza, mazungumzo marefu ya mshereheshaji na michezo miwili, hata 2,000 ni nyingi.

Kuna jambo jingine watazamaji wa mjini kwetu nataka wanisikilize. Mchezaji akikosa, tusizomee. Nimeshuhudia kijana akianguka kutoka kiti cha juu, akatua vizuri kwa miguu, na nusu ya watu wakamcheka na kumwambia arudishe hela. Yule kijana alikuwa anajaribu mchezo mgumu kuliko wote waliotangulia. Tarehe 10 Julai 1982, huko Tucson, Marekani, Miguel Vázquez aliruka kutoka kwenye bembea akapiga samasoti nne angani kabla ya kudakwa na ndugu yake Juan. Alikuwa wa kwanza kufanya hivyo mbele ya watazamaji. Tangu Mfaransa Jules Léotard aonyeshe mchezo wa kuruka kutoka bembea hadi bembea mjini Paris mwaka 1859, ilikuwa imepita miaka zaidi ya 120. Kati ya Léotard na Vázquez kuna watu wengi waliokosa na kurudia mbele za watu. Onyesho ambalo hakuna hata mmoja anayekaribia kukosa linanitia shaka, huenda wamechagua michezo mepesi. Mchezaji akikosa, akasimama, akaomba kimya kwa ishara ya mkono, akarudia na kupata, hapo kiingilio changu kimeshalipwa na chenji nimerudishiwa.

Wanyama nitawataja kwa ufupi. Bango likiwa na simba, tembo au nyani aliyevaa suruali, siendi na siwapeleki watoto. Sarakasi ya Ringling kule Marekani, iliyojulikana kwa tembo wake, iliwastaafisha mwaka 2016, ikafunga 2017, na iliporudi 2023 ilirudi na watu tu. Bolivia ilishapiga marufuku wanyama wote kwenye sarakasi mwaka 2009. Sisi ndio wa mwisho kuhitaji simba wa kwenye tela. Geti la Ndabaka la Serengeti liko kwenye barabara hii hii ya kwenda Musoma. Wale Bayeye na chatu wao nawaweka kando, kwa sababu chama chao kilibeba elimu ya nyoka na dawa ya kuumwa na nyoka kwa vizazi, na hawakuzunguka nao nchi nzima kwenye kreti. Hata hivyo sitaficha kwamba hata pale Bujora macho yangu huwa kwa chatu kwanza, kisha kwa mchezaji. Safari hii bango halina mnyama.

Halafu milango. Naomba mzazi yeyote asiruke sehemu hii. Tarehe 6 Julai 1944, mjini Hartford, Marekani, hema la sarakasi lilishika moto onyesho likiendelea. Turubai lake lilikuwa limepakwa nta iliyoyeyushwa kwa petroli ili lisipitishe mvua. Baadhi ya njia za kutokea zilikuwa zimezibwa na vichochoro vya chuma vya kupitishia wanyama. Walikufa watu wapatao 167, wengi wao wanawake na watoto, maana ilikuwa mchana siku ya kazi. Mimi nikifika hemani, kabla sijatafuta kiti, nahesabu njia za kutokea, na natazama kama zimefungwa kwa kamba au zimezibwa na meza ya bisi. Natazama jenereta imewekwa wapi na nyaya zinapita wapi. Natafuta mitungi ya kuzimia moto, na limbo ya moto ikichezwa nataka nione mtu amesimama kando na blanketi lililolowa. Ukiona njia moja tu ya kuingia na kutoka, geuka, hata kama tiketi umeshakata. Hela itapatikana tena.

Kwetu kuna na upepo. Anayeijua Mwanza anajua mchana unavyotulia, kisha alasiri upepo wa ziwani unaanza kupuliza na mabati yanaanza kusema. Mwezi wa saba na wa nane ardhi ni kavu, na mahema hufungwa kwa vigingi vilivyopigwa kwenye udongo mgumu wenye mawe. Jana nilipita pale kiwanjani, upande wa Kirumba, saa nane mchana. Vijana walikuwa wanakaza kamba za hema, mmoja anapiga kigingi, mzee mmoja anapita nyuma yake akitikisa kila kigingi kwa mkono, kimoja baada ya kimoja, na kile kisichomridhisha anaamuru king'olewe. Nilisimama nikamtazama mpaka amemaliza upande mzima. Kwangu mimi mzee yule alikuwa tangazo bora kuliko gari lenye spika.

Sasa hesabu. Familia yetu ni watu wazima wawili na watoto watatu: 20,000 na 15,000, jumla 35,000 getini. Lakini geti si mwisho. Kuna nauli ya kwenda, na ya kurudi usiku inakuwa bajaji kwa sababu daladala zimepungua na mtoto mdogo kalala begani. Kuna bisi, kuna maji, na kuna vile vijiti vya taa vinavyouzwa kwa makusudi pale mlangoni ambapo mtoto hawezi kuvikwepa. Weka 20,000 nyingine bila ubishi. Kwa hiyo swali la kweli si 10,000, ni 55,000 kwa jioni moja, na ukilipima hivyo utaamua kwa utulivu zaidi. Chakula kuleni nyumbani kabla. Vijiti vya taa semeni hapana mapema, mkiwa bado nyumbani, wala si pale mlangoni.

Mama mkwe wangu, ambaye amekuja kutoka Nansio na yuko kwetu wiki hizi, aliisikia hesabu hiyo jikoni akaweka mwiko chini.

"Mayu, kwa hela hiyo si uwapeleke watoto Saanane? Wapande boti, waone pundamilia, wakae juu ya mawe wale chakula chao. Siku nzima hiyo, si saa mbili."

Hoja yake ni nzito. Kisiwa cha Saanane kiko pale pale mjini, kilianza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Kiingilio cha Mtanzania hakiumizi. Nilimwambia, "Mama, Saanane ipo hata mwezi ujao, hawa wanaondoka." Akanitazama. "Hayo ndiyo maneno ya gari la matangazo. Hata mvua ya mawe huja mara chache."

Nilikaa na neno lake usiku kucha. Ni kweli, uchache haufanyi kitu kuwa bora, na ile "siku chache tu" imewekwa pale ili tusifikiri. Kwa hiyo niliondoa uchache kwenye hesabu kabisa. Nikajiuliza: wangekuwa wanakuja kila mwezi, ningewapeleka watoto mara moja? Jibu lilikuwa ndiyo, kwa sababu ya binti yangu wa kati. Ana miaka tisa, anajipindua kwenye kitanda, kwenye mchanga, kwenye uzio wa shule, na kila anayemwona anamwambia aache, atavunjika. Hajawahi kumwona mtu mzima akifanya kitu hicho kwa ufundi, kwa mazoezi, kwa kufunga mikono bandeji na kupasha misuli kwanza, akiheshimiwa kwa kazi yake. Saanane haina hicho. Tutakwenda Saanane pia, mama mkwe akiwa bado yupo, kwa sababu naye anapenda boti na mimi napenda kumsikiliza akiyataja mawe yale.

Kwa asiye na mtoto wa namna hiyo, au ambaye 55,000 ni hela ya daftari na sare, nasema bila kuzunguka: usiende, na usijione umemnyima mtu kitu. Watoto wako wanaweza kuuona ufundi huu bure Bujora mwakani, na kwa karibu zaidi.

Sisi tumeamua kwenda Jumapili, onyesho la saa kumi alasiri. Siku ya kwanza naikwepa, hema ndio limesimamishwa, kamba na taa bado zinarekebishwa, na wachezaji hawajaizoea ardhi. Onyesho la alasiri lina faida nyingine: linakwisha jua likiwa bado lipo, na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa kwa mawingu hawajatoka. Nimemshauri na shemeji wa Sengerema achague hilo hilo. Zamani ningemwambia asijisumbue, kwa sababu kivuko cha Busisi kingemlaza njiani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita tatu za maji anazivuka kwa dakika, na saa moja na nusu jioni atakuwa njiani kurudi nyumbani bila kulipa gesti. Hiyo peke yake imemshushia gharama kuliko punguzo lolote la tiketi.

Nimemwambia anunue za kawaida, afike saa tisa, aingie kwa mkono wa kushoto, akae safu ya nne, karibu na njia ya kutokea. Tiketi akate dirishani pale pale kiwanjani, asinunue kwa mtu wa barabarani, na kile kipande kinachobaki asikitupe. Nilimuuliza kijana wa dirishani itakuwaje upepo ukizidi au mvua ikikatisha onyesho katikati. Alisema mwenye kipande ataingia siku inayofuata bila kulipa. Nikamwomba aandike hivyo kwenye karatasi na kuibandika dirishani, kila mtu aione. Leo nimepita tena, na karatasi ipo.